Injini Mbili Zilidhoofika kwa Pamoja, Karakana Ikafungua Moja

Naandika kuhusu huduma niliyoipata katika karakana moja ya mashine za boti jijini Dar es Salaam, karakana ambayo wenye vyombo wengi wa kisiwa cha Mafia huitaja kwa sifa, na naandika nikiwa na hasira ambayo sijafaulu kuituliza tangu kaskazi ilipokatika. Jina lao nalihifadhi. Kinachoniuma zaidi si bei, ingawa bei ilikuwa kubwa. Kinachoniuma ni kwamba nahodha wangu, mtu mzima aliyeizoea njia ya bahari kati ya Kilindoni, kisiwani, na Nyamisati, upande wa bara, tangu enzi za tanga, aliwapa jibu la tatizo kwa mdomo wake, nao wakamnyamazisha.

Boti yangu ni ya faiba, ina injini mbili zenye nguvu za farasi 75 kila moja, zile za kuchanganya oili na petroli, na huishi kwa kazi mbili: kuwapeleka wageni kutazama papa potwe mbele ya Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, na kuvusha watu na mizigo nyakati nyingine. Ilianza kupoteza nguvu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Ikiondoka pwani ilikuwa nzima kabisa, inapanda juu ya maji na kukimbia kama desturi yake, lakini baada ya muda wa mwendo wa kasi mlio ulianza kushuka, mizunguko ikapungua, tezi, yaani nyuma ya boti, ikadidimia, na mwisho tukawa tunajikokota huku wageni wakitutazama. Tukipunguza mafuta na kungoja kidogo, nguvu zilirudi. Tukiikaza tena, zikapotea tena.

Nahodha aliyatazama mambo hayo mara kadhaa, kisha akaniambia maneno ambayo ningependa kila mwenye boti ya injini mbili ayashike: "Zinachoka zote mbili kwa wakati mmoja, na usukani hauvuti upande wowote." Ushahidi huo ni mzito kuliko kipimo chochote cha karakana. Injini moja ikidhoofika peke yake, ile nzima huisukuma omo, yaani mbele ya boti, kuelekea upande wa ile dhaifu, na mshika usukani huhisi mvuto huo mikononi kabla hajasikia tofauti ya mlio. Chombo kikipoteza nguvu huku kikienda wima, chanzo ni kitu ambacho injini zote mbili zinakitumia kwa pamoja. Mzigo na uchafu ulioota chini ya boti navyo hupunguza kasi bila kuvuta upande, lakini mzigo haupungui kwa kupumzika, wala uchafu hauondoki kwa kungoja dakika chache na kurudi baadaye. Kilichobaki ni mafuta: petroli yenyewe, tenki, chujio, au njia ya hewa ya tenki. Boti yangu ina tenki moja linalolisha injini zote mbili.

Tuliziondoa injini kwenye boti, tukazipakia kwenye chombo cha mizigo, na nahodha akafuatana nami hadi Dar es Salaam kwa sababu nilitaka aeleze mwenyewe. Fundi mkuu alimsikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa. Nahodha alipofika kwenye habari ya usukani, fundi alimkata kauli mbele ya vijana wake akasema, "Mzee, kazi yako ni usukani. Injini tuachie sisi." Nahodha akajibu, "Sawa, fundi," akatoka nje akakaa kwenye benchi, na hakurudi ndani tena. Mimi niliuliza kama niagize na tenki liletwe pamoja na mipira yake ya mafuta. Nikajibiwa, "Bosi, tenki ni pipa tu, halina cha kuharibika."

Sentensi hiyo imenigharimu zaidi ya shilingi milioni 2.

Walizipima injini kila moja peke yake, ndani ya pipa la maji, kwa kutumia tenki dogo la karakana. Zote ziliwaka na kunguruma bila tatizo, na hilo halishangazi hata kidogo. Kwa makadirio ya kawaida, injini ya petroli ya aina hii ikikazwa hadi mwisho wa kasi hunywa karibu lita 4 kwa saa kwa kila farasi 10. Kwa hiyo injini mbili za farasi 75 hunywa karibu lita 60 kwa saa, yaani lita 1 kila dakika. Petroli hiyo ikitoka kwenye tenki, hewa ya ujazo uleule lazima iingie kuchukua nafasi yake. Hewa ikikosa njia, tenki hujinyonga: linavuta kwa ndani, na pampu ya mafuta ya injini, ambayo ni utando mwembamba tu unaosukumwa na pumzi ya injini yenyewe, inashindwa kushindana na mvuto huo. Kwenye pipa la maji injini inanguruma taratibu, inakunywa mafuta kidogo sana, na zaidi ya hayo inakunywa kutoka tenki lisilo langu. Kipimo cha namna hiyo hakiwezi kuonyesha ugonjwa huu hata kikirudiwa mwaka mzima.

Kisha wakapima mgandamizo wa silinda, wakakuta silinda moja ya injini ya kulia iko chini kidogo ya wenzake, wakatangaza kwamba injini hiyo imechoka na ya kushoto inaifuata. Wakabadilisha pistoni, ringi na gasketi. Nitawatendea haki hapa: kazi ya mikono yao ilikuwa safi, vipuri vya zamani nilirudishiwa nikavitazama, na injini ya kulia sasa inawaka kwa mvuto mmoja. Pia ni kweli kwamba walipokea injini tu, chombo chenyewe hawakukiona. Kwa muda fulani nilijituliza kwa hoja hiyo, nikawaza kwamba labda ninawadai jambo ambalo karakana ya mbali haiwezi kulitoa.

Lakini kila nikikumbuka benchi lile, hoja hiyo inavunjika. Mtu asiyeiona boti ndiye hasa anayepaswa kumsikiliza aliyeiona. Swali moja tu lingetosha: je, injini zako zinakunywa tenki moja au kila moja ina lake? Halikuulizwa. Wala hawakuuliza pampu ya mkono, ile ya mpira iliyo kwenye njia ya mafuta, inakuwaje nguvu zinapopotea. Ikibonyea yenyewe na kubaki bapa, kuna kizuizi kati yake na tenki, au tenki limekosa hewa. Ikibaki na umbo lake lakini nguvu zikarudi ukiiminya, basi utando wa pampu ya injini ndio wa kushukiwa. Na ikiwa kweli injini moja tu ndiyo mgonjwa, mwenye injini mbili zinazofanana ana bahati ambayo mwenye moja hana: anahamisha plagi, koili au mpira wa mafuta kutoka upande mmoja kwenda wa pili na kutazama kama ugonjwa unahama nao. Hayo yote hufanyika kabla ya kugusa boliti moja ya silinda.

Tulizifunga injini, tukarudi kazini, na muda si mrefu boti ikapoteza nguvu tena, safari hii tukiwa tumekwisha kuiacha Mafia mbali, tumebeba abiria, upepo umeanza kugeuka kuwa wa kusi, na mkondo wa maji ya Rufiji unatusukuma pembeni. Injini iliyofunguliwa na ile isiyofunguliwa zilishuka pamoja kama hapo awali. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga karibu na omo. Nilimwona akijifunga boya kwa mikono inayotetemeka, na uso wake sijausahau. Nahodha akasimama, akaenda kwenye tenki apime mafuta kwa kijiti, akalegeza kifuniko. Tulisikia hewa ikiingia kwa kishindo, mlio mrefu wa kufyonza. Akakirudisha kifuniko bila kukikaza, akashika usukani, na injini zote mbili zikakamata nguvu na kutufikisha Nyamisati bila kuyumba.

Siku hiyohiyo aliufuata mrija wa kupumulia wa tenki hadi unapotokea, chini ya ukingo wa boti. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa udongo mkavu: kiota cha nyigu, wale wanaojenga kwa matope, kimebakiza upenyo mdogo sana. Upenyo huo ulitosha kwa mwendo wa taratibu na haukutosha kwa kasi, ndiyo maana tukipumzika tenki lilipata hewa polepole na nguvu zikarudi. Alikitoa kwa kipande cha waya. Tangu hapo boti haijapoteza nguvu tena.

Nilipiga simu karakana, na namna walivyonijibu ndiyo iliyonifanya niandike. Nilieleza kwa adabu kilichopatikana. Fundi mkuu akasema kazi waliyoifanya ilikuwa ya lazima, risiti ninayo, na kama nina shaka niilete na ya kushoto. Hakuuliza habari za abiria. Hakumwombea nahodha radhi, ingawa nilimtaja. Mtu huyu haelewi, au hataki kuelewa, kwamba injini ya kuchanganya hupata ulainisho wake ndani ya petroli. Mafuta yakipungua huku injini imekazwa hadi mwisho wa kasi, oili nayo inapungua, joto linapanda, na pistoni huweza kuungua au kukwama. Pistoni mpya waliyoniuzia ingeweza kuharibikia baharini kwa sababu waliyokataa kuisikia.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba karakana hii inafaa kwa kazi za kufungua na kufunga, ila isipewe kazi ya kutafuta chanzo cha tatizo. Sasa naona hata hilo ni kuwapendelea, kwa sababu anayefungua injini bila kujua kwa nini anaifungua anamtoza mteja fedha kwa kubahatisha. Sitawapelekea chombo changu tena, na wenzangu wa Kilindoni wanaoniuliza nawaambia hivyo waziwazi. Nimewaandikia kudai nirudishiwe sehemu ya malipo na kumtaka fundi mkuu azungumze na nahodha mwenyewe, hawajajibu. Injini ya kushoto, ile waliyosema inafuata kuchoka, bado inafanya kazi kila siku bila kuguswa kwa spana.