Unga wa lishe Soko la Mbuyuni, Moshi: nguvu ipo, damu bado

Kwa wauza nafaka wa Mbuyuni unga wa lishe unapatikana kwa njia mbili. Kuna mfuko uliokwisha fungwa, wenye karatasi inayotamba "nafaka 12, huongeza nguvu na damu", na kuna kujipimia nafaka kwa kilo ukazipeleka mashineni mwenyewe. Njia ya pili ndiyo ya kufuata, hata kama ni usumbufu.

Hizo nafaka 12 zisikutishe. Mahindi, mchele, ngano, mtama na uwele ni ndugu wa tumbo moja: wanga mwingi, protini kiasi. Wenye kazi ya ziada ni ulezi na soya, na karatasi haisemi vimeingia kiasi gani. Tazama rangi. Unga mweupe maana yake ulezi umepita karibu tu. Ukiwa wa kutosha, unga huwa wa kahawia.

Soya ndiyo inayoharibu mifuko mingi. Ikisagwa mbichi huwa na vizuizi vinavyokwamisha umeng'enyaji wa protini, basi tumbo linajaa gesi na faida inapotea. Ichemshwe dakika 20 hadi 30, imenywe maganda, ianikwe, ikaangwe mpaka ibadilike rangi, ndipo isagwe. Weka chembe ya unga ulimini: ukisikia ladha ya maharage mabichi, mrudishie mwenyewe.

Karanga zisisagwe humo kabisa. Mafuta yake yanachacha mapema, na karanga zenye ukungu hubeba sumukuvu ambayo haiishi kwa kuchemsha uji. Nunua nzima, tupa zilizosinyaa na zenye ukungu, twanga za siku mbili tatu.

Kipimo kizuri ni ulezi kilo 2, mahindi yasiyokobolewa kilo 1, soya iliyoandaliwa kilo 1. Ulezi wa sokoni una mchanga, na kupepeta peke yake hakutoshi: mimina kwenye sufuria ya maji, zungusha, chota wa juu, acha kinachobaki chini. Anika ukauke kweli kabla ya mashine.

Sasa hiyo nguvu. Kikombe cha mililita 300 cha uji mwepesi kina unga wa gramu 30 hivi, yaani kalori kama 110. Anayepanda Kiboriloni na mzigo hafiki saa nne kwa hizo. Wengi wanafidia kwa sukari vijiko vitatu, inayopanda haraka na kushuka haraka, kisha usingizi. Afadhali kijiko kikubwa cha karanga zilizotwangwa, na unga uongezwe hadi gramu 60. Uji utakuwa mzito kama ugali? Hapo ndipo kimea cha ulezi (ulezi uliooteshwa), kilekile cha mbege, pombe ya ndizi, kinapofaa. Epua uji, uache upoe mpaka unaonjeka bila kuunguza, koroga kijiko cha chai cha unga wa kimea, funika dakika 10. Utalegea wenyewe. Urudishe jikoni uchemke tena. Ukikitia uji ukiwa unatokota, vimeng'enya vyake vinakufa na hakuna kitakachobadilika.

Kwenye damu, karatasi inaongopa kidogo. Gramu 60 za unga wenye ulezi mwingi zina madini ya chuma miligramu chache tu, wakati mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji kama 18 kwa siku. Tena fitati iliyomo kwenye nafaka inayashika, mwili unapata sehemu ndogo. Loweka unga na maji usiku kucha uchachuke kabla ya kupika, fitati inapungua. Kula na pera au kamulia ndimu. Chai isubiri saa nzima, maana chai ya rangi juu ya uji inafuta sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kipande cha maini au nyama kwenye mtori wa mchana kinaleta chuma kinachofyonzwa vizuri zaidi kuliko uji wowote.

Uchovu ukiendelea wiki kadhaa, ukapanda ngazi ukahema, kapime wingi wa damu (himoglobini). Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Malaria na minyoo navyo hupunguza damu, na hapo kuongeza uji ni kumwaga maji kwenye pakacha.

Sagisha wa wiki tatu tu, uweke kwenye ndoo kavu yenye mfuniko. Soya ina mafuta nayo, ikikaa inanuka.