Uzoefu wangu: Usiku wa Queen chuoni Mtwara, na kwaya iliyofanya wasichofanya Queen wenyewe

Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoizuia ni ya mitambo ya sauti, si ya vijana. Natanguliza hukumu kwa sababu najua wengi mnataka kujua jambo moja tu: wakirudia, twende? Nendeni, tena mwende mapema.

Onesho lilifanyika Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba, kwenye ukumbi wa chuo kimoja hapa Mtwara mjini. Wanafunzi walikuwa wanawaenzi Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza. Tarehe haikuja kwa bahati. Freddie Mercury, mwimbaji wao, alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na umri wa miaka 45. Kiingilio kilikuwa shilingi 5,000, kwa wanafunzi 3,000, unalipa getini, taslimu au kwa simu. Kwa hela hiyo unapata saa mbili na ushee za muziki wa laivu, bila mtu hata mmoja kuimba juu ya sauti iliyorekodiwa. Siku hizi hilo peke yake ni sababu ya kutoka nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nimefundisha sauti nne huku kusini kwa miaka mingi, kwa hiyo nilikwenda na masikio ya mwalimu wa kwaya, na nawaomba mnisome hivyo. Wengi wetu tukisikia roki tunawaza magitaa yanayolia na mtu anayepiga kelele. Queen magitaa wanayo, na Brian May ni mpigaji wa gitaa la solo wa hali ya juu, lakini kilichowatenga na wenzao ni sauti za watu. Wimbo wao ukiuvua vyombo vyote, chini yake unaikuta kwaya. Vijana hawa waliliona hilo, wakalijengea onesho lote. Kila walipoiamini kwaya walifanikiwa, na kila walipoegemea vyombo peke yake walipwaya.

Watu zaidi ya ishirini walisimama nyuma ya bendi, wasichana kwa wavulana, wengine na hijabu zao, wengine na fulana za kwaya za makanisani kwao. Mbele yao dramu, gitaa la besi, gitaa la solo na kinanda. Waimbaji wakuu walikuwa wanne, wanapokezana. Uamuzi huo naupongeza. Sauti ya Freddie ilikuwa inapanda na kushuka kwa namna ambayo ukimbebesha kijana mmoja wa miaka ishirini na moja, ataumia koo kabla ya nusu ya onesho. Mmoja alikuja amevaa jaketi la njano kama lile ambalo Freddie alilivaa kwenye uwanja wa Wembley, London, mwaka 1986, na lilimkaa vizuri, ila watatu waliobaki walivaa nguo zao za kawaida na hakuna aliyepungukiwa kitu.

Mshereheshaji alikuwa mchangamfu lakini alihitaji kusoma zaidi. Alituambia Freddie ni mtoto wa Zanzibar aliyekulia Zanzibar hadi akawa nyota. Nusu ya maneno hayo ndiyo kweli. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, katika familia ya Waparsi. Lakini akiwa na miaka kama minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikojifunza piano na kuingia kwenye bendi yake ya kwanza, The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Nayasema haya kwa sababu nampenda huyu mtu na nataka watoto wetu wamjue vizuri. Anayetaka kufuatilia zaidi, tangu mwaka 2019 kuna makumbusho yake Mji Mkongwe, eneo la Shangani. Ndiyo, na wao wanayo Shangani yao, kama sisi hapa Mtwara.

Alichokisema vizuri mshereheshaji, na ukumbi ukanyamaza kumsikiliza, ni kwamba Queen walikuwa wanafunzi wa vyuo kama hawa waliosimama jukwaani. Brian May alikuwa anasoma fizikia Imperial College, Roger Taylor, mpiga dramu, alianza masomo ya udaktari wa meno, John Deacon, mpiga besi, elektroniki, na Freddie alisomea michoro katika chuo cha Ealing. Nembo ya bendi aliichora Freddie mwenyewe. Bendi ilianza mwaka 1970, Deacon akajiunga 1971. May aliacha shahada yake ya uzamivu ya mambo ya anga ikiwa nusu, akaenda kupiga gitaa dunia nzima, kisha akarudi kuimaliza mwaka 2007. Hapo wakufunzi waliokaa safu ya mbele walipiga makofi kuliko wanafunzi.

Sasa niingie kwenye nyimbo.

Walifungua na "Somebody to Love", wimbo wa mwaka 1976, na walioimba walijua wanachokifanya. Freddie aliutunga akimhusudu Aretha Franklin, mwimbaji wa Marekani, na akiiwaza kwaya ya injili, ila katika rekodi hakuna kwaya. Ni watu watatu, Freddie, May na Taylor, wamerekodi sauti zao tena na tena na kuzipanga moja juu ya nyingine mpaka zikasikika kama kanisa zima. Hapa Mtwara kwaya ilikuwepo kweli. Aliyeongoza ni binti mwembamba mwenye sauti ya kifuani, na hakujaribu kuiga mtu. Alianza peke yake na kinanda, kwaya ikamwitikia taratibu, na walipofika pale wimbo unapobaki na sauti na makofi tu, wakirudia kiitikio kuanzia chini na kukipandisha kidogo kidogo, mama mmoja aliyekaa mbele yangu alisimama akaanza kupunga khanga. Sauti ya tatu, yaani tenor, ile ya juu ya wanaume, iliyumba kidogo katikati kisha ikarudi mahali pake bila kumsubiri mtu. Kwaya ya kujirudisha yenyewe namna ile ni kwaya iliyofanya mazoezi.

Halafu "Bohemian Rhapsody". Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Wimbo huu ni wa mwaka 1975, una karibu dakika sita, na ile sehemu ya katikati yenye sauti nyingi za mtindo wa opera ilitengenezwa studioni kwa sauti zilezile za watu watatu, zikirekodiwa juu ya zingine mpaka mkanda ukaanza kuchakaa. Zile noti za juu kabisa ni za Roger Taylor, mpiga dramu. Queen wenyewe, walipokuwa wanaupiga mbele ya watu, wakifika sehemu hiyo walitoka jukwaani, taa zikazimwa au kuwaka kwa mbwembwe, na mkanda wa rekodi ukachezwa. Kisha wakarudi na magitaa. Hawakuona aibu, kwa sababu watu wanne hawawezi kuimba sauti za watu mia.

Nilipoona ratiba nilidhani vijana nao watacheza rekodi, na nisingewalaumu. Wala hawakufanya hivyo. Mpiga kinanda aliinuka, akaipa bendi mgongo, akaielekea kwaya, akainua mikono. Waliimba. Sauti ya kwanza inaita, ya nne inajibu, ya pili na ya tatu zinaingia katikati kama watu wanaobishana mlangoni. Palikuwa na sehemu mbili ambazo mwendo uliwakimbia, na kijana wa zile noti za juu alizifikia mbili akaikosa ya tatu. Lakini hawakusimama, hawakucheka, hawakuangaliana. Ile noti ndefu ya mwisho, kabla gitaa halijaingia kwa nguvu, waliishika wote kwa pamoja na ilikuwa safi. Nimesimamia mashindano ya kwaya, nimesikia kwaya kubwa zenye walimu wa kulipwa zikivunjika kwenye vipande vyepesi kuliko hicho. Mikono yangu iliuma kwa makofi.

"We Will Rock You" walituachia sisi. Wimbo huo aliuandika Brian May, ulitoka mwaka 1977, na karibu wote hauna dramu wala besi, ni miguu, makofi na sauti, mpaka gitaa linapoingia mwishoni. Studioni walikanyaga mbao wakarekodi mara nyingi ili wasikike kama umati. Vijana walilijua hilo pia. Sakafu ya jukwaa ni saruji, kwa hiyo walitandika mbao mbele ya kwaya, na mpiga dramu akaweka vijiti chini, akakanyaga kama wengine. Niliogopa wataingiza ngoma hapo ili uonekane wa kwetu. Hawakuziingiza, na ulikuwa wa kwetu vilevile, maana ukumbi mzima ulikanyaga, na watu waliokulia kwenye sindimba hawahitaji kuonyeshwa mguu uanguke wapi.

Sehemu ya pili ilifuata mpangilio wa Live Aid, tamasha la tarehe 13 Julai 1985 la kuchangia waathirika wa njaa Ethiopia. Queen walipewa kama dakika ishirini tu pale Wembley, na mpaka leo watu wanazizungumza. Hapa ndipo mitambo ilipotuangusha. Ilikuwa ya kukodi, na fundi mitambo aliyekuja nayo aliiweka besi juu kupita kiasi. "Radio Ga Ga" ya Roger Taylor ilipita kwa sababu watu walijua kupiga makofi yake. Lakini walipochomekea "Another One Bites the Dust", ambayo ni wimbo wa John Deacon na uti wake wa mgongo ni gitaa la besi, tulisikia mvumo mtupu. Binti aliyepiga besi alikuwa anaipiga sawasawa, niliviona vidole vyake, ila kutoka kwenye spika hakikutoka kitu cha kufuata. Maiki ya mwimbaji ilipiga mluzi mara kadhaa. Na kwaya ya watu zaidi ya ishirini iliwekewa maiki mbili, zote upande wa sauti ya kwanza. Waandaaji, kodini mitambo midogo yenye maiki nyingi, msikodi mikubwa yenye maiki chache. Ukumbi ule hauhitaji spika za uwanja wa Nangwanda.

Tulichelewa kuanza karibu saa nzima, na joto la Novemba ya Mtwara mnalijua. Feni zilikuwa zinafanya kazi upande mmoja. Viti vya katikati ndivyo vyenye sauti nzuri, vya pembeni mbele vitakuumiza masikio. Nje kulikuwa na juisi ya ukwaju ya baridi na korosho za kukaanga za bei ya msimu, na bajaji hazikukosekana usiku.

Baada ya onesho nilimsubiri yule binti aliyefungua.

"Shikamoo mwalimu," akasema kabla sijajitambulisha. Kumbe shangazi yake aliwahi kuimba kwangu.

"Marahaba, mwanangu. Hongera sana. Nani kawaandikia zile sauti?"

Akamwita mpiga kinanda, kijana wa Masasi, mwaka wa pili. Kijana akafungua begi, akanionyesha kauntabuku. Kurasa kwa kurasa za solfa, zile nota za do, re, mi, zilizoandikwa kwa kalamu ya bluu na nyekundu, sauti nne, mahali pengine sita. Alikaa na spika za masikioni akisikiliza sauti moja moja, akaandika. Hakuna aliyempa nota hizo. Nilimwomba ruhusa nipige picha kurasa mbili za "Somebody to Love" nizijaribu na kwaya yangu, akakubali bila kusita, akasema hata zote.

Nikawauliza mwakani watamuenzi nani. Wakasema bado wanabishana, nusu wanataka Beatles, nusu wanataka Mlimani Park, bendi yetu ya dansi inayoitwa pia Sikinde. Kura yangu niliitoa palepale: Sikinde, bendi ya mwaka 1978, yenye kazi ya kutosha kwa sauti na kwa tarumbeta. Nikawatahadharisha tu kwamba shida itakuwa kumpata wa kuimba sehemu za mwimbaji wao Hassani Bitchuka kule juu anakopanda.

"Tunaye, mwalimu," akasema binti. "Yuko mwaka wa kwanza. Leo alikuwa anauza tiketi."