Kibarua wa siku au mtu wa mkataba?

Hapa Kibirizi, mwalo wa dagaa Kigoma, mwenye dagaa akiniuliza achukue vibarua au aandike watu mkataba namwambia angalia mbalamwezi kwanza, maana usiku wa giza ndo taa zinavuta dagaa na kazi ya kuanika inafurika, mbalamwezi ikiwaka watu wanakaa tu. Hapo kibarua ana maana, unamlipa jioni mnaachana.

Ila kwa mtu wa stoo, yule anayepima na kushona magunia, kibarua ni hasara aisee. Kila wiki unafundisha mpya, huyu anafungasha dagaa hawajakauka, mzigo unaota ukungu njiani. Huyo mpe mkataba. Ndio, gharama ipo, sheria ya ajira ya 2004 inataka likizo ya siku 28 kwa mwaka, saa 45 kwa wiki, ukizidisha unalipa mara moja na nusu, na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, juu.

Halafu kuna ule ujanja, mtu miaka miwili kila siku yupo bado anaitwa kibarua. Bosi, huyo ni mwajiriwa wako, akienda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, usishangae.