Upanga wa Kwanza kwa Mwanachama Mpya wa Klabu: Upi Ununuliwe Kabla ya Mwingine

Mtu anayejiunga na klabu ya mapigano ya kale ya Ulaya kwa panga, iwe Göteborg, Leipzig au Minneapolis, huazimwa upanga wa klabu kwa wiki za mwanzo, na haupiti muda mrefu kabla hajaanza kuulizia wa kwake. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu upanga unaovutia zaidi katika maduka ya mtandaoni ndio kwa kawaida utakaotumika mara chache zaidi. Mwongozo huu unamlenga mwanachama anayefanya mazoezi kila wiki, anayetarajia kuingia katika mashindano ya klabu jirani, na ambaye angependa pia kujaribu mazoezi ya kukata mikeka iliyoviringishwa kwa upanga wenye makali. Nimeuandika kwa kufuata upanga mrefu wa mikono miwili, maana ndio unaofundishwa na klabu nyingi. Ambaye klabu yake inafundisha kitara au upanga mwembamba wa kuchoma, azungumze na mwalimu wake kabla ya kulipia chochote.

Bajeti igawanywe kabla upanga haujachaguliwa. Kofia ya wavu wa chuma yenye kinga ya kisogo, jaketi la kujikinga lililopimwa walau kwa kiwango cha Newton 350 (nguvu ambayo kitambaa chake hustahimili bila kutoboka), na glavu nzito ndivyo vitu vinavyomruhusu mtu kusimama mbele ya mwenzake aliyeshika chuma. Glavu pekee zinaweza kugharimu kati ya euro 120 na 250, na wengi hukimbilia za bei nafuu zenye sponji nyembamba. Glavu hizo zinafaa kwa panga za plastiki. Kwa chuma hazifai hata kidogo, kwa kuwa vidole ndivyo vinavyopigwa mara nyingi na ndivyo huvunjika kwa urahisi. Ikiwa fedha zinatosha kitu kimoja tu mwezi huu, zinunuliwe glavu, na upanga uendelee kuazimwa.

Nafasi ya kwanza: federi ya chuma

Federi ni upanga wa mazoezi wa chuma cha springi, usio na makali, wenye bapa jembamba linalopinda unapochoma na lenye sehemu pana karibu na mpini. Umbo hilo halikubuniwa na wafanyabiashara wa leo, kwani linaonekana wazi katika michoro ya kitabu cha mwalimu Joachim Meyer kilichochapishwa Strasbourg mwaka 1570. Ndiyo silaha inayotumika katika mashindano mengi ya upanga mrefu, yakiwemo ya Swordfish yaliyoanza Göteborg mwaka 2006, na ndiyo itakayokuwa mkononi mwako karibu kila jioni ya mazoezi. Kwa sababu hiyo peke yake inastahili nafasi ya kwanza, hata kama bei yake, ambayo kwa kawaida huwa kati ya euro 250 na 450, inamshtua mgeni.

Uzito wa kawaida ni kati ya kilo 1.3 na 1.6. Mgeni hudhani kuwa nyepesi ndiyo bora, lakini jambo la kuangaliwa zaidi ni mahali ulipo uwiano wake: federi inayosawazika juu ya kidole sentimita tano hadi kumi mbele ya kikingio cha mkono hugeuka kwa wepesi, ilhali ile ambayo uwiano wake uko mbele zaidi humchosha mtu viganja na humfanya achelewe kurudi kwenye ulinzi. Kuhusu urefu, Filippo Vadi, mwalimu wa Kiitalia wa karne ya 15, alifundisha kwamba upanga uliosimamishwa ardhini ufike kwapani mwa mwenyewe. Kipimo hicho kingali kinafaa, ingawa mtu mrefu sana atakuta kwamba kanuni za mashindano zimeweka kikomo, kwa hiyo azisome kabla ya kuagiza.

Kisha kuna kunyumbuka. Wauzaji makini hutaja namba ya kilo, yaani nguvu inayolifanya bapa lianze kupinda ncha inapokandamizwa, na unaweza kuihakikisha nyumbani kwa kuisimamisha ncha juu ya mizani na kusukuma mpini taratibu huku ukisoma namba. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo mwenzako anavyoumia kidogo unapomchoma kifuani. Hata hivyo, federi laini kupita kiasi huyumba panga zinapogusana na kusukumana, na mchezo mzima wa kuhisi nguvu ya mpinzani kupitia chuma hupotea. Mimi ningechagua ya kati kuliko iliyo laini kabisa, hasa kwa mtu ambaye bado hajaweza kuidhibiti nguvu yake mwenyewe.

Kuhusu watengenezaji, Regenyei wa Hungaria na Ensifer wa Ukraine wamejijengea jina katika klabu za Ulaya, na kwa mnunuzi wa kwanza Regenyei ni chaguo lisilo na majuto: si ya kifahari, lakini hudumu. Albion wa jimbo la Wisconsin, Marekani, hutengeneza upanga wa mazoezi uliopewa jina la Meyer ambao ni mzuri mno mkononi. Bei yake, hata hivyo, ni ya mtu ambaye tayari ana uhakika kuwa hataacha mchezo. Panga hizi nyingi hutengenezwa kwa oda, na kusubiri miezi kadhaa si jambo la ajabu.

Ikishafika, federi hudai matunzo. Kila pambano huacha vijino vidogo pembezoni mwa bapa, pale chuma kilipokutana na chuma, na ukipitisha kitambaa cha pamba utakiona kinanasa. Vijino hivyo huchana jaketi na glavu za wenzako, kwa hiyo visuguliwe kwa tupa laini kisha kwa msasa mara baada ya mazoezi. Mwanachama anayekuja na upanga wenye vijino wiki baada ya wiki hukosa watu wa kucheza nao, na ni haki yake.

Nafasi ya pili: upanga wa nailoni

Huu hugharimu takriban euro 60 hadi 120, hauoti kutu, na unamwezesha mgeni kuanza kupambana akiwa na glavu na jaketi la wastani. Blackfencer wa Hispania ni miongoni mwa wanaojulikana. Kasoro yake iko pale panga zinapokutana: chuma hung'ang'ania chuma kidogo, na sekunde hiyo ndiyo inayokupa nafasi ya kuamua kama utasukuma, utazunguka au utaachia, ilhali nailoni huteleza na kukupa mazoea ya haraka ambayo baadaye itabidi uyaache. Aidha, usiuchezeshe dhidi ya federi, kwa sababu utaliwa. Ningeushauri kwa mwanafunzi mwenye fedha kidogo, au kwa klabu changa inayohitaji panga sita kwa bei ya mbili.

Nafasi ya tatu: upanga wenye makali

Nimeuweka wa tatu nikijua kuwa ndio uliowavuta wengi. Mazoezi ya kukata hufanyika mara chache kwa mwaka katika klabu nyingi, na kwa kawaida kuna mwanachama mmoja au wawili wenye panga za makali zinazopita mikononi mwa wote. Gharama halisi iko kwenye mikeka: tatami za majani zinazoviringishwa, kufungwa, kulowekwa usiku kucha au zaidi, kisha kusimamishwa juu ya mti wenye ncha. Mkeka mmoja huisha kwa mapigo machache.

Hata hivyo mazoezi yenyewe yana faida ambayo federi haiwezi kuitoa. Katika pambano, pigo lililotua kwa ubapa linaweza kumpita mwamuzi na kuhesabiwa. Mkeka haudanganyiki. Makali yakiwa yameinama kidogo tu kutoka kwenye njia ya pigo, upanga hukwama katikati au husukuma mkeka wote ukaanguka. Na hata ukipita, uso wa mkato utakuonyesha mkunjo kama wa kijiko badala ya mstari ulionyooka, ushahidi kwamba mkono uligeuka njiani. Ndiyo maana waamuzi wa mashindano ya kukata hawaangalii tu kama kipande kimeanguka, bali pia pembe ya mkato na jinsi mkataji alivyorudi kwenye ulinzi.

Anayenunua aelewe aina za bapa. Mwingereza Edward Oakeshott alizipanga panga za zama za kati kwa namba za Kirumi, na wauzaji wengi huzitumia hadi leo. Aina ya XIIIa, pana na tambarare, hukata mkeka kwa ukarimu na humsamehe mwanafunzi. XVIIIa hudai ustadi zaidi lakini huchoma vizuri. XVa, nyembamba na ngumu, ilikusudiwa kuchoma, na anayeinunua kwa ajili ya mikeka atalaumu mkono wake bure. Upanga unaoaminika huanzia takriban euro 300. Baada ya kukata mikeka iliyolowa, ufutwe na kupakwa mafuta mepesi, hata ya cherehani, siku hiyo hiyo. Asiye na fedha za tatami aanze na chupa za plastiki zilizojazwa maji.

Nafasi ya nne: upanga wa mbao

Unafaa kwa kurudia hatua nyumbani na kwa mazoezi ya polepole ya wawili. Haupindi unapochoma, kwa hiyo usitumike kupambana.

Usiopewa nafasi: upanga wa mapambo

Panga za ukutani za chuma kisichoshika kutu huuzwa kwa bei inayoshawishi, tena zikiwa na makali. Ndani ya mpini wake mara nyingi mna fimbo nyembamba tu iliyounganishwa na bapa, ambayo hukatika bila onyo, na bapa zima huruka kuelekea walikosimama watazamaji. Mwalimu yeyote makini atakukataza kuutumia hata kwenye chupa.

Kabla ya kulipa, hesabu ushuru wa forodha na kodi kama upanga unatoka nje ya eneo lako la kibiashara. Aliyeko London na anayeagiza Hungaria sasa yumo katika kundi hilo. Uliza pia sheria za unakoishi. Nchini Uingereza, panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 au zaidi zimewekewa marufuku tangu 2008, ingawa kuna misamaha, na nchini Ujerumani upanga wenye makali hauuzwi kwa aliye chini ya miaka 18 wala haubebwi barabarani ila ndani ya mfuko uliofungwa kwa kufuli. Mfuko wa aina hiyo uagizwe pamoja na upanga, kwa kuwa bila huo hutaweza kuufikisha klabuni.