Pakiti ya Kufunua Filamu, Dola 15 Soko la Kenya: Nimeijaribu Hadi Kwenye Terili

Jambo yenu wote! Ba mama, ba papa, vijana wa Lushi, Likasi, Kolwezi, na ninyi wa mbali mnaonunua mega ili kunitazama, Mungu awarudishie. Kurant, umeme wetu, imerudi sasa hivi, kwa hiyo twende haraka kabla haijatukimbia tena.

Mezani hapa nina kile kitu mlichonisumbua nacho kwenye maoni. Yaya, jaribu ile pakiti ya kufunua filamu, ile inayodai kukuonyesha alama za siri za framasoni ndani ya filamu. Yaya, kwa nini unaiogopa? Siiogopi. Nimeinunua soko la Kenya, Kenya hii yetu ya hapa Lubumbashi, dola 15. Muuzaji alianzia 25, akaniambia imeombewa. Nikamwambia nipe ile ambayo haijaombewa, akacheka, tukaelewana.

Ndani kuna kle, yaani flashi ya USB, ya gig 64 yenye video, kijitabu cha alama, na hii nailoni. Kle mnazijua, sipotezi muda. Video ni sauti ya mwanaume mmoja anayenong'ona juu ya filamu za watu, muziki wa kutisha nyuma. Nailoni ndiyo iliyonifanya nitoe pesa, nawaambia ukweli, niliipenda palepale sokoni. Sogeza kamera. Ona: inapitisha mwanga, imechorwa pembetatu kubwa, jicho katikati, pembe mbili za mbuzi juu, na sita, sita, sita kwenye kona. Unasimamisha filamu, unaibandika kwenye skrini, mchoro ukilingana na kitu, basi umewashika framasoni.

Tuanze. Hii ni The Matrix ya mwaka 1999, kijitabu kimeipa kurasa nyingi kuliko filamu zote. Nasimamisha hapa, watu wawili wamesimama, taa iko juu. Nabandika. Haya! Taa imekaa kwenye ncha, viatu viwili vimekaa kwenye kona za chini. Pembetatu kamili. Hata mimi mwili ulisisimka kidogo.

Sasa subiri. Ninajigeuzia kamera mwenyewe. Kichwa changu, bega la kushoto, bega la kulia. Nabandika… nimo! Jicho limetua puani. Kwa hiyo mimi ni wakala wa nani, mniambie, maana mshahara haujafika. Weka video ya harusi ya binamu yangu: bwana arusi, bibi arusi, keki. Imo. Weka mahubiri ya pasta, mikono ameinua: pembe zimelingana na mikono yake, tena vizuri kuliko kwenye The Matrix. Pasta, nisamehe, nailoni ndiyo inasema.

Na hii ndiyo nimeingoja tangu asubuhi. Picha ya terili. Mtoto wa Lushi gani haijui terili, ule mlima mweusi wa takataka za shaba, na shemine, lile bomba refu la moshi, kando yake? Nabandika… ncha juu ya ncha, ubavu juu ya ubavu, hata fundi asingekata hivi. Mlima wa terili ni piramidi, shemine ni ule mnara wa Misri. Shemine inatajwa kuwa na mita 153. Fungueni Yohana 21:11, nyavu za Petro zilitoa samaki wangapi? Mia na hamsini na watatu! Mnaona jinsi ilivyo rahisi? Dakika moja tu, bila kijitabu, nimeshawajengea siri ya Union Minière, ile kampuni ya shaba ya Wabelgiji, Wazungu walioficha Injili ndani ya moshi. Nikitia muziki wa kutisha, kesho inazunguka kwenye WhatsApp za mama zetu wote.

Kuna chaneli moja hapa mjini, siitaji, mnaijua, ile ya mishale myekundu na uso wa kushangaa. Mwenye chaneli anaishi kwa hiyo dakika moja. Ana watazamaji kuliko mimi, sikatai, na maikrofoni yake ni nzuri. Yangu mpya inakuja, waliochangia asanteni sana, ndiyo maana wiki hii bado mnasikia jogoo wa jirani.

Turudi. Hasira yangu ni hii: filamu ile ile, The Matrix, ina maandiko ya kweli ndani yake na pakiti imepita juu yake kama kipofu. Meli yao inaitwa Nebukadreza, mfalme wa kitabu cha Danieli aliyesumbuliwa na ndoto. Mji wao ni Sayuni. Halafu kwenye meli kuna kibao cha chuma, kamera inakionyesha wazi: Mark III No. 11. Marko 3:11! Someni: pepo wachafu kila walipomwona walianguka mbele yake wakilia, wewe u Mwana wa Mungu. Filamu nzima ni ya yule anayengojewa, na andiko wamelipigilia misumari ukutani. Mnong'onaji wetu? Hakuna neno. Yeye anazunguka na pasipoti ya Neo, shujaa wa filamu, inayoisha tarehe 11 Septemba 2001, siku ya mashambulizi ya Marekani, nusu saa nzima, wakati pasipoti yenyewe inaonyesha ilitolewa Septemba 1991. Miaka kumi, pasipoti ya kawaida ya Mmarekani.

Jicho nalo. Kijitabu kinasema jicho ndani ya pembetatu ni la Illuminati, kile chama cha siri. Illuminati walianzishwa Bavaria na Adam Weishaupt tarehe 1 Mei 1776, na kufika 1785 serikali ilikuwa imeshawapiga marufuku. Jicho hilo makanisa ya Ulaya yalikuwa yakilichora zamani kabla yao, Mungu anayeona, Utatu. Wamarekani walilitia kwenye muhuri wao 1782, likafika kwenye noti ya dola moja 1935, noti ile ile ambayo ukiipeleka sokoni kwetu wanakurudishia kwa vidole viwili. Na simba? Kijitabu: kila mnyama kwenye bango ni pepo. Haya, Simba wa kabila la Yuda, Ufunuo 5:5, tumpeleke wapi?

Sasa kaeni vizuri. Black Panther, 2018. Hapa pakiti inapiga kelele juu ya mfalme kunywa mmea, kufukiwa kwenye mchanga mwekundu na kukutana na baba yake aliyekufa. Mizimu, wachawi, funika macho ya watoto. Mkristo akitaka kuzungumza hilo, sawa, ni mazungumzo ya haki, filamu imeweka dini yake mezani na mungu wa kike wa Misri wamemtaja kwa jina. Lakini wewe mtu wa Katanga, hukuona kingine? Nchi ya Afrika yenye madini ambayo dunia nzima inayataka. Silaha zinapakiwa ndegeni ziende kwa watu weusi wanaoonewa. Na nani anakaa kwenye usukani wa mbali kuzitungua hizo ndege, huku muziki unatuambia tumshangilie? Mtu wa CIA, majasusi wa Marekani! Mzungu mwema, rafiki wa familia.

Hapa, Lubumbashi! Uranium ya Shinkolobwe, upande wa Likasi, ndiyo iliyoingia kwenye bomu la Hiroshima 1945. Lumumba aliuawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961, na kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe iliandika mwaka 1975 kwamba CIA ilikuwa imepanga kumpa sumu. Sisemi watengenezaji wa filamu walipewa bahasha, sijasema hivyo, msiniandikie. Nasema mtu wa CIA amesimama katikati ya skrini amewashiwa taa zote, na mnong'onaji anatafuta pembe za mbuzi kwenye kona.

Propaganda inayofanya kazi wala haijifichi. Wazee wetu wanakumbuka televisheni ya Zaire: kabla ya habari, uso wa Mobutu unashuka kutoka mawinguni. Kuna pembetatu gani hapo? Mfalme wa Wabelgiji alipozuru Kongo 1955, filamu ikatengenezwa, Bwana Kitoko, yaani bwana mrembo, jina lenyewe linakupigia makofi. Na Top Gun ya 1986, ndege na manowari zile ni za jeshi la majini la Marekani. Ukitaka kukopeshwa, Pentagon, wizara yao ya ulinzi, inasoma senario yako kwanza, yaani hadithi ya filamu uliyoandika. Wale wa Independence Day, 1996, senario ilikuwa na Area 51, kile kituo cha siri cha jeshi la Marekani, jeshi likataka itolewe, wakakataa, msaada ukakosekana. Mambo haya yanajulikana, lakini hayauziki kwa nailoni.

Jumamosi tunapima projekta ya kibanda cha video, ile ndogo ya Kichina, nitaiwasha mchana tuone aibu yake. Chaneli sasa inatoka Jumamosi, si Alhamisi tena.

Bei. Kle nimeipima, ni gig 64 za kweli, si feki, kwa hiyo ukifuta minong'ono yote hujapata hasara kubwa. Dola 15 ni nyingi, kle kama hiyo tupu utaipata kwa chini ya hapo, na Biblia unayo nyumbani, Marko 3:11 ni bure. Kijitabu nimempa mdogo wangu afungie karanga.

Nailoni naigawa. Piga picha ya kitu chochote nyumbani kwako, weka kwenye maoni, nitaibandika hapa mbele yenu. Wa kwanza ambaye picha yake itakosa pembetatu, nailoni ni yake. Likasi na Kolwezi naituma kwa basi, nauli ya mzigo unalipa wewe.

Mama mmoja ameshatuma sufuria ya bukari. Mama, imo.