Supachaja ya Mustang kwenye joto la Malindi: ipi uitangulize, ipi uiache dukani

Niliichomoa plagi ya silinda ya saba, nikaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, nikaona kaure yake nyeupe imetapakaa vitone vya rangi ya fedha, vidogo kama chembe za chumvi. Mwenye gari alikuwa amesimama nyuma yangu akiuliza kama ni uchafu. Haukuwa uchafu. Ilikuwa alumini ya pistoni yake mwenyewe, iliyokuwa ikiyeyuka kidogo kidogo kila alipokanyaga mafuta akitoka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui.

Gari lenyewe ni Ford Mustang GT ya 2016. Seti ya supachaja aliiagiza ng'ambo, na aliyeifunga aliifunga vizuri, kila boliti mahali pake. Kosa lilikuwa ndani ya programu ya injini. Alitumiwa tuni, yaani mpangilio wa programu hiyo, ya “petroli ya 93”, naye akaona 93 ni 93. Sivyo, ndugu yangu. Namba iliyo kwenye pampu za Marekani ni wastani wa vipimo viwili vya okteni (uwezo wa petroli kustahimili bila kujilipua mapema), RON na MON. Sisi husoma RON peke yake. Kwa hiyo 93 ya Marekani ni kama RON 98 kwetu, na 91 yao ni kama RON 95 au 96. Ukigeuza hesabu, petroli ya RON 93 kwa Mmarekani ni kama 88 tu. Jamaa alikuwa anaijaza super ya kawaida kwenye gari lililoambiwa linywe kitu kingine kabisa. Injini ikagonga, na kwa kuwa bomba lake la moshi linanguruma, hakusikia.

Ndiyo maana orodha hii haifuati nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye boksi. Inafuata petroli tunayoipata na joto tunaloishi nalo. Hayo mawili ndiyo yanayoua injini hapa pwani.

Naizungumzia Mustang kwa sababu ndilo hasa gari la Kimarekani la aina hii utakaloliona Malindi. Kenya inataka gari la kuingizwa liwe na usukani wa kulia na umri usiozidi miaka 8. Camaro na Challenger za kisasa zilitoka kiwandani na usukani wa kushoto tu. Mustang ilianza kutengenezwa kiwandani kwa usukani wa kulia na toleo la 2015, na nyingi hutufikia kupitia Uingereza. Kama yako ni ile ya injini ya lita 2.3, hiyo tayari ina turbo, na mwongozo huu haukuhusu. Tunaongea juu ya V8 ya lita 5.0, ile wanayoiita Coyote.

Sasa fungua boneti tuone kinachotokea. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini. Inashindilia hewa ndani ya silinda ili petroli nyingi zaidi ipate hewa ya kuungua nayo. Lakini hewa ikishindiliwa hupata moto. Mchana wa kaskazi tuna nyuzi 32 kivulini. Hewa hiyo ukiisukuma hadi psi 7 (psi ni kipimo cha presha), ambayo si presha kubwa, inatoka kwenye supachaja ikiwa na zaidi ya nyuzi 80. Kazi ya intakula ni kuipoza kabla haijaingia kwenye silinda. Hewa ikifika ingali na moto, mchanganyiko hujilipua wenyewe kabla ya wakati, na huko ndiko kugonga.

Kisha kuna mbano wa injini yenyewe, yaani pistoni inaibana hewa mara ngapi; mbano ukizidi, kugonga kunakuwa rahisi. Coyote ya 2015 hadi 2017 inabana 11 kwa 1. Kuanzia 2018 inabana 12 kwa 1, ingawa hiyo ya pili hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, jambo linalosaidia kupoza. Wahandisi wa Ford wenyewe walipoweka supachaja ya lita 2.65 kwenye Shelby GT500 ya 2020, walishusha mbano hadi 9.5 kwa 1. Wewe unaweka supachaja juu ya injini ambayo haikushushwa chochote. Hilo likae kichwani unapofungua pochi.

Nafasi ya kwanza: ya sentrifugali, yenye intakula ya hewa kwa hewa

Hapa naiweka ProCharger mbele. Umbo lake ni kama turbo kubwa, ila inazungushwa na mkanda badala ya moshi. Presha yake hupanda pamoja na mizunguko ya injini: ukiwa kwenye mizunguko 2,000 haina jambo, ukifika 7,000 ndipo inapotoa yote. Watu huihesabu hiyo kuwa kasoro, kwa sababu gari halikurushi ukiwa chini. Mimi kwa Malindi naiona ni rehema. Injini hugonga kwa urahisi zaidi ikibebeshwa presha kubwa huku ikizunguka polepole, na maisha yetu ya kila siku ndiyo hayo hayo: Lamu Road, tuktuk mbele, boda ubavuni, tuta kila hatua. Humo supachaja hii imelala na injini inaishi kama ilivyozaliwa.

Intakula yake inakaa nyuma ya bampa ya mbele na inapozwa na upepo tu. Hakuna maji, hakuna pampu ya umeme ya kufa siku ya safari ya Mombasa. Manifoldi ya kiwandani, ile ya kugawia silinda hewa, inabaki palepale, kwa hiyo siku ukitaka kuuza gari unaweza kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Oili yake iko ndani yake yenyewe, haichangii na injini, na hubadilishwa kila baada ya kilomita 10,000 hivi. Oili hiyo ni maalumu. Hutaipata dukani Malindi, kwa hiyo agiza chupa tatu nne pamoja na seti. Usiseme utaagiza baadaye.

Jambo la kuuliza kabla ya kulipa ni chujio la hewa linakaa wapi. Likikaa chini, nyuma ya bampa, basi masika yakija na barabara zikafurika kama tunavyozijua, gari litafyonza maji, na maji hayashindiliki. Konrodi, mkono wa pistoni, itapinda.

Chagua puli kubwa kwenye supachaja. Puli kubwa huizungusha polepole, presha inashuka, joto linashuka. Ukibaki kwenye psi 6 au 7 na tuni iliyoandikwa kwa petroli yetu, umepata gari lenye nguvu ambazo kihalali huna pa kuzimaliza, kwani mwisho wa sheria ni kilomita 110 kwa saa.

Nafasi ya pili: Roush na Ford Performance

Seti za Roush, na zile za Ford Performance zilizotengenezwa na Roush, zinatumia kompresa ya Eaton ya aina ya TVS; ya Mustang za kuanzia 2018 ni R2650. Namba hiyo maana yake inasukuma lita 2.65 za hewa kila inapozunguka mara moja. Inakaa katikati ya V ya injini, mahali pa manifoldi, na ukiifunika boneti hutajua kuna kitu kimeongezwa. Ukitaka gari liwe kama limetoka kiwandani hivyo, ni hii. Imefungwa sana kwenye Mustang za usukani wa kulia kule Uingereza na Australia, hivyo hupati mshangao wa bomba kugongana na sevo ya breki. Hilo si dogo. Seti nyingine yoyote, mwambie muuzaji akuonyeshe picha ya gari la usukani wa kulia lililofungwa seti ileile, la sivyo usitume pesa.

Kwa nini basi haikuchukua ya kwanza? Kwa sababu ya moto. Kompresa imekaa juu ya injini, na intakula yake inapozwa na maji yanayozungushwa na pampu ndogo. Gari likisimama foleni sokoni kwa dakika ishirini, chuma chote kile kinajaa joto, na ukikanyaga mara ya kwanza hewa inaingia ikiwa ya moto kwelikweli. Tena nguvu yake inakuja mapema, kwenye mizunguko ya chini, palepale ambapo petroli hafifu inaumbuka. Mtu anayejaza petroli bora kila mara na kuongeza radieta kubwa zaidi ya intakula ataifurahia. Mwenye kujaza popote taa inapowaka, asiinunue.

Nafasi ya tatu: Whipple

Ni ya skrubu mbili, ukoo wa uvumbuzi wa Msweden Alf Lysholm wa miaka ya 1930. Skrubu zake zinaibana hewa ndani ya kompresa yenyewe, na kwa ufundi inastahili heshima kubwa. Ukiniuliza ipi ina nguvu nyingi zaidi kati ya hizi tatu, nitakutajia hii. Lakini waliojaza mitandao sifa zake wengi wanaiendesha kwa petroli ya RON 98 au kwa E85, mafuta yenye ethanoli nyingi ambayo kwenye vituo vyetu hayauzwi. Kuinunua kisha kuipunguza mpaka iwe salama kwa super yetu ni kununua jahazi la kuvukia kijito.

Seti iliyotumika

Bei yake inavutia. Shika shafti uitikise: ikicheza juu na chini, beringi zimekwisha. Chungulia rotori, kama rangi yake ya kukinga imechubuka zimekuwa zikigusana. Hesabu mabano na boliti, maana bano moja likikosekana utalisubiri wiki kadhaa kutoka Marekani. Uliza pia programu, kwa kuwa leseni za tuni mara nyingi hufungwa kwa namba ya chesi ya gari la kwanza.

Ya kuacha kabisa

Zile feni za umeme zinazouzwa mtandaoni kwa shilingi elfu chache na kuitwa supachaja. Injini ya lita 5 ikizunguka mara 6,500 kwa dakika inavuta lita zipatazo 16,000 za hewa kila dakika. Kuishindilia hewa hiyo hata kwa psi 7 kunahitaji zaidi ya kilowati 20. Kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea zaidi ya 1,600. Kile kifeni na waya wake mwembamba hakiwezi hata kufuata kasi ya hewa, kitaiziba njia. Usimpe mtu yeyote pesa yako kwa kitu hicho.

Fedha zinapokwendea

Seti nzuri mpya huko Marekani ni kati ya dola 7,000 na 10,000 hivi. Juu yake kuna usafirishaji, ushuru, tozo za IDF (ada ya tamko la uagizaji) na RDL (ya maendeleo ya reli), na VAT ya asilimia 16. Wengi huishia hapo kwenye hesabu, na gari linakaa gerejini miezi likisubiri vitu vidogo.

Tenga fedha za giya za pampu ya oili. Za kiwandani kwenye Coyote ni za unga wa chuma uliobanwa kwa moto, na zikipata mshtuko wa mizunguko ya juu huku mkanda wa supachaja ukivuta kranki, zinapasuka. Pampu ikipasuka, oili inakatika, injini imekwisha kwa sekunde. Badilisha kwa za chuma cha kuchongwa, pamoja na sproketi ya kranki, wakati kila kitu kiko wazi. Weka plagi za baridi zaidi kwa hatua moja, yaani zinazotoa joto haraka zaidi, na nafasi ya ncha iwe ndogo kuliko ya kawaida. Tairi za nyuma zisiwe kuukuu: mchanga ukipeperushwa juu ya lami, nguvu zile ni za kukupeleka mtaroni. Na mwambie mwenye bima yako kwa maandishi kuwa gari limebadilishwa. Ukimficha, siku ya ajali ana njia ya kukukatalia.

Halafu tuni. Malindi sijaona mashine ya dyno, ile ya kupimia nguvu za gari. Utapanda Nairobi, au utafanya kwa mbali: unarekodi safari kwenye kompyuta, unamtumia mtuni faili, anakurudishia programu iliyorekebishwa, mara nne tano mpaka itulie. Njia hii inafanya kazi. Rekodi saa nane mchana, si alfajiri, na ujaze petroli kwenye kituo kilekile chenye wateja wengi. Mstari wa kuuangalia ni ule unaoonyesha kompyuta imerudisha nyuma moto wa plagi kiasi gani kwa sababu ya kugonga. Ukiona inaurudisha nyuma kila unapokanyaga hadi mwisho, acha. Usimngoje mtuni akwambie.

Yule jamaa wa Mustang ya 2016 alinunua pistoni, ringi na gasketi za upande mzima, na puli kubwa zaidi. Supachaja ni ileile. Tuni mpya imeandikwa kwa RON, na nilimwandikia mtuni neno hilo kwa herufi kubwa.

Kwa wanaokaa karibu na bahari, Casuarina au Silversands, kila Jumamosi mimina maji baridi ya mfereji kwenye mapezi ya intakula, bila presha, kuosha chumvi. Ukitoka kwenye vumbi la Marafa, kung'uta chujio siku hiyohiyo. Na baada ya kilomita 500 za kwanza, chomoa plagi zote nane, zipange juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio wa silinda, uziangalie moja moja juani.