Garmin inReach Mini 2 kwa wajitoleaji wa vijijini: kifaa kizuri kinachodai ofisi iliyo macho

Kwa shirika linalowapeleka wajitoleaji wa kigeni mahali ambapo simu haishiki, inReach Mini 2, kifaa kidogo cha mawasiliano ya setilaiti, ni ununuzi wa maana. Kwa shirika lisilo na mtu wa kupokea simu saa 8 usiku, kifaa hikihiki kinampa mjitoleaji tumaini ambalo halina kitu nyuma yake, na hilo ni hatari kuliko kutokuwa nacho kabisa. Tunawaandikia waratibu wa programu Tanzania na Kenya, maana ndio wanaoletewa ombi la kununua na ndio watakaopigiwa simu siku mambo yakiharibika.

Kifaa kilitoka mwaka 2022. Kinaenea kwenye kiganja, kina uzito wa gramu 100, na kinavumilia mvua na hata kuzama mita 1 kwa dakika 30. Hakitegemei minara ya simu. Kinatuma na kupokea ujumbe wa maandishi kupitia setilaiti 66 za kampuni ya Iridium zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 780 hivi. Hakipigi simu ya sauti. Kuandika kwa vitufe vyake, herufi moja moja, kunachosha, kwa hiyo huunganishwa na simu kwa bluetooth na mjitoleaji akaandika kwenye programu ya Garmin Messenger, hadi herufi 160 kwa ujumbe. Simu ikizima au ikiibiwa, kifaa bado kinaweza kutuma ujumbe uliotayarishwa, na kitufe cha SOS, yaani cha kuomba uokoaji, kinafanya kazi bila simu.

Kabla ya kulipa chochote, pimeni mtandao wa kituo kwa miguu. Mpelekeni mtu mwenye laini tatu za kampuni tofauti apite nyumbani kwa mjitoleaji, shuleni au zahanati anakofanyia kazi, na njia yote ya kwenda mjini, akiandika wapi inashika na wapi haishiki. Vituo vingi vilivyoandikwa kwenye fomu kwamba havina mtandao vinahitaji tu laini ya pili na pawabenki nzuri. Fedha ya kifaa ibaki kwa vituo ambavyo laini zote zimekata.

Kwenye anga wazi, kinafanya kazi kama kilivyoahidiwa: ujumbe hutoka ndani ya dakika chache. Chini ya bati haitoki kitu cha kutegemewa. Msituni kwenye majani mazito, au bondeni, hesabu dakika 20 na zaidi. Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Njia za setilaiti hizi hupita juu ya ncha za dunia, kwa hiyo huko zimesongamana, na huku kwetu karibu na ikweta zimeachana. Ukiwa uwanjani hutaona tofauti. Ukiwa chini ya ukuta wa mlima, kama mwambao wa Ziwa Tanganyika chini ya milima ya Mahale ambako upande wa mashariki umezibwa, unangoja setilaiti ipite kwenye kipande cha anga kilichobaki. Mjitoleaji afundishwe hivi: toka nje, simamisha antena ielekee juu, kiweke kifaa kwenye jiwe au juu ya begi, kisha kiondokee. Kukishika kiunoni au kukifungia mfukoni ndiyo sababu ya malalamiko mengi kwamba eti kifaa hakitumi.

Betri inatangazwa kuwa ya siku 14 kikiripoti mahali ulipo kila dakika 10 chini ya anga wazi. Chini ya miti siku hizo hupungua sana, kwa kuwa kifaa hurudia kutuma hadi kipate setilaiti. Kituo chenye paneli ndogo ya sola na pawabenki kinatosha kukihudumia. Kisiachwe kwenye kibanda cha kuchajia simu sokoni.

Sasa kitufe chenyewe. Kimefunikwa kwa kifuniko. Unakiinua, unabonyeza na kushikilia, kifaa kinahesabu kurudi nyuma, kisha ujumbe unakwenda kwenye kituo cha Garmin Response, Texas, ambacho hukesha saa 24. Kwa dakika 10 za mwanzo kifaa hutuma mahali ulipo kila dakika. Baadaye hutuma kila dakika 10 kama unatembea, na kila dakika 30 kama umetulia. Wakati huo hakizimiki. Watu wa Texas wanakuandikia: una nini, mko wangapi, mnaweza kutembea? Hayo yote wanayafanya vizuri. Lakini hawana helikopta Katavi wala gari Turkana. Wanachofanya ni kutafuta mamlaka za nchi husika na kuwapigia watu uliowaandika kwenye akaunti. Kuanzia hapo, kila kitu kinategemea mliandika nani.

Hapo ndipo mashirika mengi hukwama. Mjitoleaji anaachiwa ajisajili mwenyewe, naye anaandika wazazi walioko Ujerumani au Korea. Mzazi anaamshwa usiku, hajui jina la wilaya, hana namba ya mtendaji wa kijiji, na saa mbili za kwanza zinapotea. Mtu wa kwanza kwenye akaunti awe namba ya zamu ya ofisi: simu moja inayohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kila wiki, isiyozimwa, yenye salio na chaji. Wa pili awe mratibu. Akaunti iwe ya shirika, si ya mjitoleaji, ili mabadiliko yafanywe na ofisi.

Mwenye zamu awe na karatasi ya kila kituo, iliyochapishwa, maana umeme na intaneti havina miadi na dharura. Iwe na jina kama lilivyo kwenye pasipoti na namba yake, mzio, dawa anazotumia, namba ya bima na ya simu yao ya dharura, namba za mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, mwenye gari la kuaminika kijijini, zahanati ya jirani, hospitali ya jirani yenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi, na kiwanja cha ndege kidogo kilicho karibu pamoja na hali yake wakati wa masika. Mahali pa nyumba paandikwe kwa digrii za desimali, na alama ya kutoa isisahaulike kwa walio kusini ya ikweta. Ukiandika 6.3 badala ya -6.3 kwa kituo cha karibu na Mpanda, umempeleka mtafutaji Sudan Kusini. Saa nazo ziandikwe kwa mtindo wa saa 24 katika ujumbe wote, kwa kuwa mgeni anaposema saa mbili na mtendaji anaposikia saa mbili, kuna tofauti ya saa sita katikati.

Ndege ya wagonjwa ina masharti yake. AMREF Flying Doctors, wanaoruka kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, na ambao mizizi ya huduma yao ni ya mwaka 1957, ndio jina la kwanza linalotajwa Afrika Mashariki, na kwa haki. Hata hivyo ndege haiondoki kwa sababu kitufe kimebonyezwa. Wanahitaji taarifa ya kitabibu, dhamana ya malipo kutoka kwa bima au shirika, taarifa za pasipoti, na uthibitisho kwamba kiwanja kinatua ndege. Kutoka Wilson hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 800, na ni kuvuka mpaka, kwa hiyo kuna vibali. Viwanja vya changarawe na nyasi havina taa; ni mchana tu. Ombi linalokamilika saa 4 asubuhi lina nafasi nzuri ya kumtoa mgonjwa siku hiyohiyo. Likikamilika saa 10 jioni, mgonjwa atalala alipo, na ofisi inapaswa kuwa na mpango wa usiku huo: nani anakaa naye, dawa gani zipo, gari lipi linaweza kumsogeza hadi hospitali ya wilaya. Gharama za uokoaji hazimo kwenye kifurushi cha kawaida cha Garmin. Bima ya mjitoleaji isomwe neno kwa neno, hasa sehemu inayohusu pikipiki, maana baadhi ya bima hukataa ajali ya bodaboda.

Matumizi bora ya kila siku si SOS, ni ujumbe wa aina tatu uliotayarishwa. Sisi tungeuandika hivi: wa kwanza, nimefika salama, wa pili, nimechelewa lakini ni salama, nitaandika tena ndani ya saa mbili, wa tatu, nina tatizo, niandikie sasa, si SOS. Huo wa tatu ndio wenye thamani zaidi. Homa, gari lililoharibika njiani, mlevi anayezungukazunguka nyumba: mengi hayastahili kuamsha Texas, ila yanastahili kumwamsha mwenye zamu. Pamoja na ujumbe huo iwekwe kanuni ya ukimya. Kama alipaswa kufika saa 18:00 na hajaandika, saa 19:00 anaandikiwa na kupigiwa. Saa 20:00 anapigiwa mwenyekiti wa kijiji alikotoka na alikokuwa akienda. Saa 22:00 mkuu wa programu anajulishwa na polisi wa wilaya wanaarifiwa. Saa hizo mnaweza kuzibadili, lakini ziwe zimeandikwa, maana bila kanuni kila mtu hujiambia kwamba betri imeisha tu, na asubuhi inakuta hakuna aliyeanza kutafuta.

Suala la nani anasoma ujumbe lina uzito. Kuonyesha safari kwenye ramani ni jambo jema, lakini ukurasa wa MapShare, wenye ramani hiyo mtandaoni, uwekewe nenosiri, na ufuatiliaji uwashwe wakati wa safari tu. Kumfuata mwanamke kijana kila dakika 10 mchana na usiku, huku watu kumi wa ofisi wanaona, hakumlindi. Taarifa za unyanyasaji zisipite kabisa kwenye kikasha cha pamoja. Mwaka 2009 mjitoleaji wa Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani la wajitoleaji, Kate Puzey, aliuawa Benin baada ya kuripoti kwa siri kwamba mfanyakazi mmoja alikuwa akiwadhulumu wasichana wa shule, na usiri huo haukulindwa. Sheria ya Marekani ya 2011 yenye jina lake ilitokana na kifo hicho. Kila mjitoleaji awe na njia moja ya kumfikia mtu mmoja anayemwamini, nje ya mlolongo wa kawaida.

Yapo mambo ambayo kifaa hiki hakiyagusi. Wajitoleaji huku huumia zaidi barabarani kuliko porini, na Peace Corps wana sababu ya kukataza pikipiki katika nchi nyingi wanakofanya kazi. Kofia ngumu, marufuku ya kusafiri usiku, komeo la maana mlangoni na dawa ya malaria iliyo karibu vinakuja kabla ya setilaiti. Utekaji pia uko nje ya uwezo wake: Mwitaliano mmoja aliyekuwa akijitolea alichukuliwa Chakama, Kilifi, Novemba 2018, katikati ya kituo cha biashara, watu wakiwapo. Kinachosaidia hapo ni uamuzi wa kutompeleka mtu, au kumtoa mapema. Mahakama ya Oslo mwaka 2015 iliona kwamba Baraza la Wakimbizi la Norway lilikuwa na uzembe mkubwa katika tukio la Dadaab la 2012, ambako wafanyakazi wake walitekwa, na lililochunguzwa lilikuwa maamuzi ya ulinzi ya kabla ya msafara kuondoka.

Karibu na mipaka yenye mvutano, kifaa chenye antena kinaweza kuleta maswali kwenye kizuizi. Mjitoleaji awe na barua ya shirika inayokitaja kwa aina na namba ya utambulisho, na ofisi iulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kwa maandishi kabla ya kukiingiza. Anayepitia India asikibebe kabisa. Huko watu wamekamatwa viwanjani kwa sababu yake.

Hitilafu tulizozipima kuwa za kawaida zaidi si za kiwanda. Kifurushi kinakatika kwa sababu kadi ya benki ya ofisi imeisha muda, na bila kifurushi hai SOS haiendi popote. Mtu wa dharura ameacha kazi tangu mwaka jana. Programu ya ndani haijasasishwa. Dawa ya yote ni zoezi la mara moja kwa mwezi: kila kifaa kitume ujumbe wa majaribio kwa simu ya zamu, mwenye zamu ajibu, na jibu lithibitishwe. SOS haijaribiwi kamwe.

Kuhusu bei, kilitoka kwa dola 400 hivi na sasa mara nyingi hupatikana kwa chini ya hapo. Kifurushi hulipwa kila mwezi. Ndugu yake, inReach Messenger, ana gramu 114 na betri inayotangazwa kuwa ya siku 28, na kwa mjitoleaji anayekaa kituo kimoja tungemchagua yeye. Mini 2 inamfaa zaidi anayetembea vijiji vingi. Msitegemee SOS ya setilaiti iliyo kwenye iPhone 14 na zilizofuata, kwa kuwa Afrika Mashariki haimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa. Na mkinunua kilichotumika, hakikisheni muuzaji amekiondoa kwenye akaunti yake mbele yenu kabla fedha haijatoka, la sivyo hamtaweza kukiwasha kwa jina la shirika.